Uzi maalumu: Gari linalotembea kidogo Mtwara na Lindi nalo linahitaji sevisi

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu nyote mlioko Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na kokote mnakoendesha magari yenu wenyewe kwenda kazini, sokoni na shambani. Mimi ni fundi wa magari madogo hapa Mtwara mjini, na ninaomba tujadili jambo moja linaloniumiza kila ninapolikuta, nalo ni imani iliyoenea huku kwetu kwamba gari lisilotembea sana halina haja ya sevisi.

Mtu anaishi Shangani, anafanya kazi Ligula, na mwisho wa wiki anafika Mikindani kuwasalimu wazee. Mwaka unakatika, anatazama dashibodi, anaona kilomita zilizoongezeka ni chache, anaridhika kwamba oili bado ni nzima kwa sababu kibandiko cha fundi kinamruhusu mpaka kilomita elfu tano. Kisha unatokea msiba, au mtoto anaripoti chuo Dar es Salaam, na gari hilohilo linatakiwa likimbie takribani kilomita 560 kwa siku moja, likiwa na watu watano na mizigo, katika joto la pwani. Likizimika kati ya Nangurukuru na Mchinga, lawama zote zinaiangukia safari. Ukweli ni kwamba ugonjwa uliingia miezi mingi nyuma, katika zile safari fupi ambazo mwenye gari alizihesabu kuwa ni mapumziko.

Naomba nieleze kwa nini ninasema hivyo. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na sehemu ya mvuke huo, pamoja na petroli kidogo isiyoungua, hupita pembeni mwa ringi za pistoni na kushukia kwenye oili. Injini ikipata moto wa kutosha na kuendelea kufanya kazi, maji hayo hugeuka mvuke tena na kutolewa. Safari ya dakika kumi haifikishi oili kwenye joto hilo. Maji yanabaki, asidi inaanza kujitengeneza, na zile kemikali za kulinda chuma zilizomo ndani ya oili zinakwisha hata kama kilomita hazijasogea. Ndiyo maana watengenezaji wa magari ya Kijapani, katika vitabu vyao vya matengenezo, huhesabu safari fupi za kurudiarudia na barabara mbovu kuwa ni matumizi magumu, na kwa matumizi hayo muda wa kubadilisha oili hupunguzwa mpaka nusu. Kwa hiyo yule anayetoka Shangani kwenda Ligula na kurudi yumo katika kundi la matumizi magumu, ingawa mwenyewe anajiona analitunza gari lake.

Ushahidi uko karibu. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, fungua kifuniko cha kuwekea oili na ukitazame upande wa ndani. Katika magari mengi ya hapa mjini nimekuta utando wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, mwepesi, unaoteleza ukiufuta kwa kidole. Hayo ni maji yaliyochanganyika na oili. Ukiuona utando huo kwenye kifuniko pekee, huku kijiti cha kupimia kikitoka na oili safi na kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini kilichomo kwenye rejeta, haipungui, mara nyingi ni alama ya safari fupi. Lakini oili ya kwenye kijiti nayo ikiwa na rangi hiyo, au maji ya rejeta yakiwa yanapungua bila kuonekana yanakovujia, usiliwashe gari hilo tena mpaka fundi akague gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini.

Ushauri wangu kwa waendeshaji wa kila siku wa mikoa yetu miwili ni kwamba oili ya injini na chujio lake vibadilishwe kila baada ya kilomita elfu tano au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Hilo la miezi sita ndilo linalosahauliwa. Kwa injini ndogo kama ile ya Toyota IST inahitajika oili isiyofika lita nne, ambayo bei yake haikaribii hata kidogo gharama ya kufumua injini iliyonoki, yaani iliyokufa. Nunueni oili ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Injini nyingi za VVT-i zilizojaa barabarani kwetu zinatumia 5W-30, na mfumo huo wa kurekebisha valvu unaendeshwa kwa msukumo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba sana. Ile kauli kwamba nchi yetu ni ya joto kwa hiyo kila gari liwekewe oili nzito ya 20W-50 inazitesa injini hizi, hasa asubuhi, wakati oili inapotakiwa kupanda haraka mpaka juu kwenye valvu.

La pili ni maji ya rejeta, na hapa naomba mnivumilie nirefushe maelezo, kwa sababu ndipo magari ya ukanda wetu yanapoumia zaidi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi. Gari likiongezewa maji hayo kwa mwaka mmoja au miwili, chumvi na madini vinagandamana ndani ya mirija myembamba ya rejeta, kutu inaanza kwenye vyuma, na alumini ya silinda hedi inaliwa pale inapokutana na gasketi. Ukiifungua rejeta ya namna hiyo, maji yanatoka na rangi ya udongo wa Makonde, na ukipitisha kidole ndani ya mdomo wake unahisi ukoko mgumu kama ule wa birika la zamani. Mjini rejeta hiyo inavumilia, kwa kuwa safari ni fupi. Ikipata saa tatu za mwendo wa barabara kuu, joto linalozalishwa linazidi lile inaloweza kulitoa, na gari linachemsha.

Kulanti haiwekwi kwa ajili ya baridi ya Ulaya pekee, kama wengi wanavyodhani. Inazuia kutu, inalainisha pampu ya maji, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa kulanti na maji safi huchemka kwa takribani 106, na kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinabana msukumo ndani na kukipandisha kiwango hicho hadi kuzidi 120. Kwa hiyo kifuniko kilicholegea, ambacho ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote, kinaweza kukuharibia injini. Kama unachanganya kulanti mwenyewe, tumia maji yaliyoondolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri, na uhakikishe kwamba hujapewa asidi ya betri kwa makosa. Kamwe usifungue kifuniko wakati injini ni ya moto.

Chumvi hiyo haiko kwenye maji ya kisima tu. Upepo wa bahari unaileta kila siku, na magari yanayolala karibu na ufukwe, iwe Shangani, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, yanaanza kuliwa chini kabla mwenyewe hajaona doa lolote juu. Mengine yanatoka Japani yakiwa na kutu tayari, kwa sababu mikoa ya kaskazini ya nchi hiyo humwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji. Oshesha gari upande wa chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara, na mwambie fundi akague mabomba ya breki kila linapopandishwa juu. Bomba la breki lililoliwa halitoi taarifa. Linapasuka siku unapokanyaga kwa nguvu.

Betri nayo inadhurika kwa safari fupi. Kuwasha gari kunachota umeme mwingi kwa mara moja, na dakika chache za mwendo, huku feni, taa na redio vinafanya kazi, hazitoshi kuurudisha. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha inapaswa kusoma takribani volti 12.6, na injini ikiwaka, mashine ya kuchaji ikiwa sawa, utasoma kati ya 13.8 na 14.4. Mafundi umeme wengi hapa mjini wana kipimo hicho na kazi yenyewe haichukui hata dakika tano. Ukilipatia gari mwendo wa nusu saa au zaidi mara moja kwa wiki, kwa mfano kwenda Msijute na kurudi bila kukimbia, unaisaidia betri na unaikausha oili kwa wakati mmoja.

Matairi nitayataja kwa ufupi. Tairi la gari lisilotembea haliishi kashata, yaani meno yake, ila linazeeka. Tazama ubavuni utafute tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita likaguliwe kila mwaka kama lina nyufa, na likifika kumi liondoke hata kama kashata zake ni ndefu. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji kutoka Nachingwea

Mkuu, tunashukuru kwa darasa hili. Sisi wa huku hatuna tatizo la chumvi ya bahari, bali tuna vumbi. Ukitoka Nachingwea kuelekea Liwale wakati wa kiangazi, ukifuatana na lori huoni hata boneti yako. Fundi wangu hulipuliza chujio la hewa kwa upepo wa kompresa kila ninapokwenda kwake, na mara nyingine huliosha kwa petroli. Je, utaratibu huo unatosha?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kupuliza kunasaidia kwa muda mfupi, ilimradi upepo upigwe kutoka ndani kwenda nje na kwa nguvu ndogo, kwa sababu ukipiga kwa nguvu zote za kompresa unapasua nyuzi za karatasi na kufungua matundu usiyoweza kuyaona. Kuosha chujio la karatasi kwa petroli ni kuliharibu kabisa, kwani gundi inaachia, karatasi inalegea, na vumbi linapata njia ya moja kwa moja. Vumbi la huko ni mchanga mlaini, na mchanga ukiingia kwenye silinda unasaga ringi na kuta zake mpaka gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.

Kwa barabara zenu, lipulizwe kila baada ya kilomita elfu mbili au tatu na libadilishwe kabisa kila baada ya elfu kumi. Lishike dhidi ya jua au taa ya simu: kama mwanga haupenyi, au kama unapenya kwa vitundu vilivyo wazi, limekwisha. Mpira unaozunguka chujio nao utazamwe. Nimekuta chujio jipya kabisa limefungwa kwenye kasha lililopinda, na vumbi limepita pembeni kana kwamba hakuna chujio.

Kuna jambo jingine kwa wanaokwenda minadani na mashambani msimu wa korosho, kuanzia Oktoba. Majani makavu na nyasi hujazana mbele ya rejeta na juu ya sahani ya kukinga injini. Mbele panazuia hewa, na chini panaweza kushika moto pale nyasi zinapogusana na bomba la ekzozi. Ukifika nyumbani, inama uyatoe.

Mchangiaji kutoka Lindi mjini

Habari za kazi, kaka fundi. Mimi ni mwalimu na gari langu ni Vitz. Ninayakubali yote uliyosema, lakini tatizo langu ni kuwa sijui kitu chochote cha gari, na ninapokwenda gereji naambiwa kila mara kuna kitu kipya kimeharibika. Nitajuaje kwamba sevisi niliyolipia imefanyika kweli?

Mwanzisha uzi

Dada yangu mwalimu, swali lako ni la msingi, na ninalijibu nikiwa upande wa pili wa kaunta. Nunua daftari dogo ukae nalo kwenye gari. Kila kazi inapofanyika, andika tarehe, kilomita za dashibodi, kilichobadilishwa, aina yake na kiasi ulicholipa. Fundi akijua kwamba yanaandikwa, naye huwa makini zaidi, na ukibadilisha fundi, yule mpya anaanza kazi akiwa na historia mkononi badala ya kubahatisha. Siku ya kuliuza gari, daftari hilo linazungumza vizuri kuliko maneno ya dalali.

Nunua oili na chujio mwenyewe katika duka unaloliamini, kopo likiwa na lakiri yake, ufungue mbele ya fundi. Omba uoneshwe kila spea ya zamani iliyotolewa, na omba kuondoka nayo. Fundi mkweli hakasiriki kwa ombi hilo. Akikwambia breki pedi zimekwisha, muombe akuoneshe unene uliobaki: pedi mpya huwa na takribani milimita kumi za kitu cha kusugua, na zikifika tatu ni wakati wa kubadilisha. Ukiyajua mambo machache ya namna hiyo, hakuna atakayekutisha.

Kwa kuwa ni mwalimu, naamini pia kwamba unaweza kuweka kando fedha kidogo kila mshahara kwa ajili ya gari pekee. Wengi huku kwetu husubiri malipo ya korosho ndipo walitengeneze gari, na matokeo yake kazi zote zinaangukia Novemba na Desemba, spea zinaadimika, mafundi wanafanya kwa haraka, na mvua nazo ndiyo zinaanza. Ingekuwa vyema kazi ya kukagua breki, wipa, taa na matairi iwe imekamilika Oktoba.

Mchangiaji mkongwe, Masasi

Vijana, mimi nimeendesha magari tangu enzi za Land Rover za hospitali na misheni. Tulikuwa tunaitoa themostati na kuitupa, tunaweka maji ya mtoni, na gari linatembea mpaka Tunduru na kurudi. Hayo ya kulanti na nyuzi joto nayaona kama gharama za ziada kwa mtu wa kipato kidogo.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Ulichokisema ni kweli kwa magari yale. Injini nyingi za zamani zilikuwa nzito, bloku ni chuma cha kutupwa, nafasi za ndani ni pana, na dereva wa wakati huo alisimama kila baada ya mwendo fulani, akafungua boneti na kukagua. Injini za leo ni nyepesi, kuanzia bloku mpaka silinda hedi ni alumini, na alumini inapinda upesi ikizidiwa na joto. Gari linaweza kuchemsha mara moja tu, dereva akasukuma mbele kwa dakika kumi ili afike kijiji kinachofuata, na hedi ikawa imepinda.

Kuhusu themostati, ninaomba kwa heshima zote tuache kuitoa. Katika injini hizi ndogo huanza kufunguka kwenye nyuzi zipatazo 82, na kazi yake ni kuifikisha injini upesi kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Ukiitoa, kompyuta ya gari inaamini kwamba injini bado ni ya baridi, inaendelea kumimina petroli nyingi, na ule unyevu niliousema mwanzo haukauki kabisa. Mwenye gari anaona geji imeshuka, anafurahi, huku injini inaliwa kwa ndani. Kama gari linachemsha, tatizo ni rejeta, feni, pampu, kifuniko au uvujaji, na ndilo linalopaswa kutafutwa.

Na mtu wa kipato kidogo, mzee wangu, ndiye hasa ninayemwandikia. Mwenye uwezo akinoki injini atanunua nyingine. Mei 2024, baada ya mvua za Kimbunga Hidaya kuikata barabara kuu maeneo ya Somanga, kuna waliolazimika kusubiri na kuna waliozunguka kwa Masasi, Tunduru na Songea ili wafike Dar es Salaam. Safari ya namna hiyo hupewi miezi ya kujiandaa. Unaondoka na gari jinsi lilivyo siku hiyo.

Mchangiaji kutoka Newala

Nashukuru kwa mjadala, wakuu. Ninaposhuka mlima kutoka Newala kwenda Masasi nikiwa na mzigo, breki huwa zinaanza vizuri, lakini nikikaribia chini pedali inazama na kuwa laini. Nikipumzika nusu saa inarudi. Nimebadilisha pedi mara mbili na hali ni ileile. Gari ni Noah la automatiki.

Mwanzisha uzi

Ndugu, usishuke tena mlima huo kabla hujabadilisha oili ya breki. Maelezo yako yanaelekeza hapo moja kwa moja. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kidogo kidogo, hata gari likiwa limesimama. Oili mpya ya DOT 3 haichemki mpaka izidi nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Ukishikilia breki mteremko mzima, kaliper, zile zinazobana pedi kwenye diski, zinafika kwenye joto hilo, oili inachemka, mapovu ya mvuke yanajaa kwenye mabomba, na mguu wako unabana mvuke badala ya kubana pedi. Ukipumzika, mvuke unarudi kuwa maji, na pedali inakudanganya kwamba imepona.

Oili ya zamani itolewe yote kwenye magurudumu manne, si kuongezea juu ya kikopo, na iwekwe aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Tumia kopo ambalo halijafunguliwa, kwani lililokaa wazi dukani limeshanyonya unyevu. Baada ya hapo ibadilishwe kila miaka miwili, gari litembee lisitembee. Wakati huohuo fundi atoe pini za kaliper azisafishe na kuzipaka grisi ya breki, kwa sababu pini iliyokwama huiacha pedi ikisugua diski muda wote na kuongeza joto.

Ukiwa mlimani, weka gia kwenye 2 au L kabla hujaanza kuteremka, injini ikuzuie, na breki uzikanyage kwa vipindi: unapunguza mwendo, unaachia zipoe, unapunguza tena. Pedali ikizama hata kidogo, simama mahali salama pakiwa bado pana breki ya kukusimamisha, weka mawe nyuma na mbele ya matairi, na usimwage maji kwenye diski zenye moto, maana zitapinda.